Kusaka metaboliti isiyojulikana: bila alama, kwa isotopu tulivu, au kwa kaboni-14?

Kidonge cha artesuneti na amodiakwini kimekuwa dawa ya malaria ya kila siku hapa Kongo kwa miaka mingi. Lubumbashi hakuna mtaa usiokijua, na wengi wanakilalamikia kwamba kinalegeza mwili. Ukishakimeza, amodiakwini yenyewe haikai sana katika damu. Ini linaivua kipande kimoja cha etili, inakuwa desetilamodiakwini, na hiyo ndiyo inayobaki siku nyingi ikipambana na vimelea. Hilo liko vitabuni. Kinachowasumbua wanafunzi wa famasia wanaoanza utafiti ni yale yasiyo vitabuni: ini limetengeneza nini kingine, kwa kiasi gani, na je, kuna metaboliti, yaani zao la dawa baada ya mwili kuibadilisha, inayoshika protini za mwili na kuziharibu?

Majibu yanatafutwa kwa spektrometa ya masi, mashine inayoipa molekuli chaji ya umeme kisha ikapima masi yake. Linalobaki ni kuamua kama utaitia dawa alama ya isotopu, yaani atomi ya elementi ileile yenye masi tofauti, au utaiacha ilivyo. Mezani kuna njia nne. Ya kwanza ni kutotia alama yoyote na kutegemea mashine yenye upambanuzi mkubwa, inayotofautisha masi zinazokaribiana sana. Ya pili ni kuitia dawa isotopu tulivu, yaani deuteri, kaboni-13 au nitrojeni-15. Ya tatu ni kaboni-14, yenye mnururisho. Ya nne haiigusi dawa: alama inatiwa kwenye mtego unaonasa metaboliti kali, zile zenye hamu ya kushika protini. Nitazipima zote kwa amodiakwini, maana kemia yake inafichua uzuri na ubaya wa kila moja.

Kwanza tuondoe tumaini moja la watu wa Katanga. Labo za migodi hapa zinapima shaba na kobalti kwa mashine za plazma, na aina moja ya mashine hizo nayo inaitwa spektrometa ya masi. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kama haiwezi kuazimwa kwa wiki moja. Haitamsaidia. Plazma ina joto la maelfu ya nyuzi na inasambaratisha molekuli mpaka zibaki atomi. Amodiakwini ikiingia humo, kitakachosomeka ni klorini yake, na hata hiyo kwa shida. Sisi tunataka molekuli ifike nzima. Hiyo ni kazi ya elektrosprei, njia ya kuipa molekuli chaji kwa kunyunyizia mmumunyo wake chini ya umeme, iliyompatia John Fenn sehemu ya Nobel ya kemia mwaka 2002.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza mambo matano: inaona nini, inapofuka wapi, inatoa kiasi au haitoi, inadai gharama na masharti gani, na inamfaa nani. Havina uzito sawa. Kiasi ndicho wanafunzi wanachokisahau, na ndicho wakaguzi wa dawa wanachokiuliza mapema. Mwongozo M3(R2) wa ICH, baraza la kimataifa la kuoanisha masharti ya dawa, wa mwaka 2009, unaweka mstari: metaboliti ikizidi asilimia 10 ya vitu vyote vitokanavyo na dawa katika damu ya binadamu, tena ikiwa juu sana kuliko ilivyoonekana kwa wanyama wa majaribio, inahitaji kuchunguzwa usalama wake peke yake. Mtu asiyejua kiasi hawezi kujua kama amevuka mstari huo.

Njia ya 1: bila alama

Inaona nini. Unachanganya dawa na mikrosomu za ini la binadamu (vipande vya utando wa seli za ini vyenye vimeng'enya) pamoja na NADPH inayoviwezesha vimeng'enya hivyo kufanya kazi, unaiacha kwenye nyuzi 37, unasimamisha mmenyuko kwa asetonitrili baridi, kisha unapitisha kila kitu kwenye kromatografia, inayotenganisha vitu kwa muda wa kutoka, na mashine ya upambanuzi mkubwa. Baada ya hapo ni hesabu. Dawa ikipata oksijeni moja, masi inapanda kwa 15.9949. Ikipoteza etili, inashuka kwa 28.0313. Ikibandikwa asidi ya glukuroni, inapanda kwa 176.0321. Programu inachuja maelfu ya ishara na kubakiza zile ambazo desimali yake iko karibu na ya dawa mama (dawa kabla haijabadilishwa), kwa kawaida ndani ya 0.050 juu au chini, kwa kuwa mabadiliko mengi ya mwili huisogeza desimali kidogo tu.

Amodiakwini ina bahati ya ziada: ina klorini. Asili imeigawa klorini kuwa 35 na 37 kwa uwiano wa karibu 3 kwa 1, kwa hiyo kila metaboliti iliyobaki na klorini hutoa vilele viwili vilivyoachana kwa 1.997, kimoja kikiwa theluthi ya mwenzake. Hii ni alama ya bure, na ninashangaa ni mara chache kiasi gani watu wanaitumia kabla ya kuagiza isotopu za ghali. Klorokwini nayo ina klorini, na lumefantrini inazo tatu.

Inapofuka wapi. Penye mabadiliko usiyoyatarajia. Glutathioni, molekuli ya mwili inayonasa vitu vikali, ikijibandika kwenye dawa, masi inapanda kwa 305.0682. Angalia desimali: imeruka kwa 0.068, na kichujio cha 0.050 kimeshaitupa nje. Metaboliti uliyoihofia kuliko zote ndiyo inayotoroka, isipokuwa uweke kichujio cha pili kwa ajili yake. Vilevile dawa ikikatwa vipande vidogo, klorini na desimali vyote vinakosa msaada.

Kiasi. Haitoi. Elektrosprei haina usawa: molekuli mbili zilizopo kwa kiasi kilekile zinaweza kutoa ishara zinazopishana mara kumi au zaidi. Kilele kirefu hakimaanishi metaboliti nyingi.

Gharama na masharti. Ndiyo nafuu kuliko zote, maana dawa ya kawaida inatosha. Mashine si lazima iwe Lubumbashi. Mikrosomu zinahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na hapo umeme unaokatika usiku kucha ndio adui; lakini mkamuo ukishakaushwa vizuri unasafiri kirahisi zaidi kwenda kwa mshirika mwenye mashine.

Inamfaa nani. Mwenye dawa ambayo kemia yake inaeleweka, anayetaka orodha ya kwanza ya washukiwa.

Njia ya 2: isotopu tulivu kwenye dawa

Hii ndiyo ninayoulizwa zaidi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Inaona nini. Unachukua dawa ya kawaida na ileile iliyotiwa alama, unazichanganya nusu kwa nusu, unazilisha mikrosomu kwa pamoja. Kila kitu kinachotokana na dawa kitatoka kikiwa mapacha, tuwaite kwa majina ya mapacha wa kwetu: Kyungu mwepesi na Kabange mzito, vilele vya urefu sawa, masi zikiwa zimeachana kwa pengo unalolijua. Uchafu wa mikrosomu, bafa au plastiki hautakuwa na pacha. Huhitaji tena kukisia ini limefanya mmenyuko gani. Unaiambia programu itafute mapacha tu, hata kama kemia yao hujawahi kuiona. Wazo la kufuatilia kitu mwilini kwa isotopu tulivu si geni: Rudolf Schoenheimer na David Rittenberg walitumia deuteri kufuatilia mafuta mwilini mwaka 1935, miaka minne tu baada ya deuteri kugunduliwa.

Tuangalie amodiakwini yenye deuteri 10, tano kwenye kila etili, inayouzwa tayari kama kiwango cha ndani cha vipimo, yaani kitu cha kulinganishia wakati wa kupima. Dawa mama inatoka kwenye 356.152 na pacha wake kwenye 366.215, pengo 10. Desetilamodiakwini iko 328.121 na pacha wake 333.153, pengo 5. Tazama ulichojifunza bila kuvunja molekuli: pengo limepungua kwa nusu, kwa hiyo kilichoondoka ni etili moja na si kitu kingine. Ikiwa glutathioni imejibandika kwenye dawa nzima, utaona 661.221 na 671.283, pengo limerudi 10, maana yake etili zote mbili bado zipo na glutathioni imeshika kwingine, upande wa pete.

Inapofuka wapi. Sasa endelea mbele hatua moja: ini likivua etili zote mbili, pengo linakuwa sifuri. Hakuna mapacha tena, kuna kilele kimoja kwenye 300.090, na programu inayosaka mapacha inakipita kana kwamba ni uchafu. Metaboliti hiyo inajulikana. Alama ilikuwa imewekwa pale pale ini linapokata. Ndiyo sababu ninasema mahali pa alama ni pazito kuliko idadi ya alama: kaboni-13 ndani ya pete ya kwinolini ingebaki na molekuli mpaka mwisho, lakini kiwango cha ndani cha dukani hakikutengenezwa kwa kusaka metaboliti.

Deuteri ina matata mengine mawili. Kifungo cha kaboni na deuteri ni kigumu kidogo kukatwa kuliko cha kaboni na hidrojeni, kwa hiyo kimeng'enya kikikata hapo hapo, upande mzito unachelewa na mapacha wanaacha kulingana urefu. Wakati mwingine ini linaamua kushambulia mahali pengine kabisa, nawe unahesabu metaboliti ambayo dawa ya kawaida haiitoi kwa wingi huo. Jambo hili ni la kweli kiasi kwamba kuna dawa iliyojengwa juu yake: deutetrabenazini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017, imewekewa deuteri makusudi ili mwili uchelewe kuivunja. La pili ni dogo: kwenye kromatografia ya kawaida, Kabange mwenye deuteri hutangulia kidogo kutoka, na deuteri zikiwa nyingi programu yenye dirisha finyu la muda inaweza kuwatenganisha ndugu hao. Kaboni-13 haina vurugu hizo, ila ni ghali zaidi kuiingiza.

Halafu pengo. Kaboni-13 ya asili ni kama asilimia 1.1 ya kaboni yote, na klorini inaongeza vilele juu ya 2 na 3. Dawa yenye klorini ikitiwa alama ya masi 3 tu, mapacha watakanyagana. Kwa dawa za namna hii mimi siendi chini ya 5.

Kiasi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Alama tulivu haitoi kiasi cha metaboliti mpya. Isiyopokea chaji haionekani, na pacha wake haonekani vilevile. Uwiano wa nusu kwa nusu unakuambia kwamba kitu kimetokana na dawa. Haukuambii ni kingi kiasi gani.

Gharama na masharti. Kama dawa yenye alama ipo kwenye katalogi, inawezekana. Kama inabidi itengenezwe kwa oda, jiandae kuomba ufadhili. Hakuna kibali cha mnururisho kinachohitajika, na hata majaribio kwa binadamu yanafanyika bila hofu hiyo, mradi kamati ya maadili imekubali.

Inamfaa nani. Anayesaka mabadiliko ya ajabu katika sampuli chafu, mkojo au nyongo kwa mfano, na aliye na uwezo wa kuchagua alama ikae wapi.

Njia ya 3: kaboni-14

Inaona nini. Kila kitu kilichobeba kaboni hiyo, kiwe kinapokea chaji au hakipokei, kiwe kwenye mkojo, kinyesi au kimenata kwenye tishu. Kichunguzi cha mnururisho hakijali umbo la molekuli. Kinahesabu mionzi ya beta. Mkondo wa kromatografia unagawanywa, sehemu inakwenda kwa kichunguzi cha mnururisho na sehemu kwa spektrometa. Cha kwanza kinakuonyesha wapi pana kitu, ya pili inakuambia ni nini. Kwa dawa yenye kaboni-14 kwa wingi, spektrometa nayo inaona mapacha walioachana kwa 2.

Inapofuka wapi. Kipande kisicho na kaboni iliyotiwa alama kinapotea, kama ilivyo kwa njia ya 2. Peke yake, bila spektrometa, inakupa kilele kisicho na jina.

Kiasi. Hapa haina mpinzani. Mionzi inalingana na idadi ya molekuli, kwa hiyo unaweza kusema metaboliti fulani ni asilimia 4 au 14 ya yote yaliyomo kwenye damu, ukakabili ule mstari wa 10. Unaweza pia kujumlisha mkojo na kinyesi uone dozi imetoka yote au kuna iliyobaki mwilini. Watu wa kazi hii huanza kuuliza maswali ikirudi chini ya 80 kwa kila 100.

Gharama na masharti. Kubwa. Kutengeneza dawa yenye kaboni-14 ni kazi ya labo chache maalumu. Kongo, vyanzo vya mnururisho viko chini ya CNPRI, kamati ya taifa ya kinga dhidi ya mionzi, na bila idhini yake hata kifurushi hakitoki forodhani. Kaboni-14 ina nusu-maisha ya miaka 5,730, kwa hiyo taka zake hazisubiriwi zipoe. Zinahitaji mpango kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.

Hofu yenyewe, hata hivyo, huku kwetu imezidi kipimo. Ukitaja mnururisho Lubumbashi, mtu anafikiria Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa Katanga, na urani yake. Beta ya kaboni-14 ni dhaifu: haivuki ukuta wa chupa ya kioo, na hewani inakwisha ndani ya sentimeta 30. Hatari yake ni kuimeza au kuivuta kwa pua. Tena siku hizi kuna spektrometa za masi za kichapuzi, zinazohesabu atomi za kaboni-14 zenyewe badala ya kungoja zioze, na mtu aliyejitolea anapewa chembe ndogo mno ya mnururisho. Mashine hizo ni chache duniani. Kwetu ni suala la ushirikiano na wa nje.

Inamfaa nani. Dawa mpya inayoelekea kusajiliwa, au mzozo wa kiasi usioweza kumalizwa kwa njia nyingine. Kwa kazi ya kumaliza masomo ya fakulte, sioni sababu.

Njia ya 4: mtego wenye alama

Inaona nini. Metaboliti kali tu. Amodiakwini inapooksidishwa inageuka kwinoni-imini, kitu chenye njaa ya kushika protini, na ndicho kinachohusishwa na madhara ya ini na ya chembe nyeupe za damu yaliyofanya dawa hii iachwe kutumika kama kinga ya muda mrefu. Unaweka glutathioni ya kawaida na yenye kaboni-13 mbili na nitrojeni-15 moja, nusu kwa nusu. Chochote kilichonaswa kinatoka na pengo la 3.0037. Dawa yako haijaguswa, kwa hiyo hakuna cha kuchelewesha kimeng'enya wala alama ya kupotea etili zikivuliwa.

Inapofuka wapi. Haioni metaboliti tulivu hata moja. Glutathioni pia hainasi kila kali: aldehidi zinataka semikarbazidi, ioni za imini zinataka sianidi, na sianidi si kitu cha kumwachia mwanafunzi peke yake jioni. Kwa dawa yenye klorini kuna la kuangalia: kilele kizito cha 664 kinapokea kidogo cha mwenzake mwepesi, zaidi kidogo ya sehemu 1 kwa 10. Uwiano ukizidi 1 kidogo, usitupe data.

Kiasi. Haitoi, kwa sababu zilezile za elektrosprei.

Gharama na masharti. Nafuu kwa maana moja muhimu: chupa ileile ya glutathioni yenye alama inatumika kwa dawa zote za labo.

Inamfaa nani. Labo inayopima dawa nyingi au mimea ya tiba, na inayouliza swali la sumu kabla ya maswali mengine.

Uchague kwa hali yako

Kama una mikrosomu, dawa ya kawaida na mshirika mwenye mashine, anza na njia ya 1, utumie klorini kama ipo, na uweke vichujio viwili, kimoja cha kawaida na kimoja cha glutathioni. Sampuli isiyo na NADPH iwe pembeni daima, la sivyo utaandika uchafu wa kidonge kama metaboliti.

Kama swali lako ni madhara ya ini, ongeza njia ya 4 kabla ya kufikiria ya 2. Utapata jibu kwa gharama ndogo, na hata jibu la «hakuna kilichonaswa» lina kazi.

Kama unafanyia kazi mkojo wa wagonjwa, ambamo kuna chakula, mitishamba na dawa nyingine tatu, njia ya 1 itakuzamisha kwenye ishara. Hapo mapacha wanalipa, ila wanadai dawa iliyotiwa alama imezwe tangu mwanzo, na hilo linahitaji idhini ya maadili na dawa yenye usafi wa kumezwa na binadamu. Kama huna hayo, fanya mapacha kwenye mikrosomu, upate orodha ya masi na nyakati, kisha uitafute orodha hiyo kwenye mkojo wa kawaida.

Kama mkaguzi anataka asilimia, ni kaboni-14. Mahali ambapo hiyo haiwezekani, tengeneza au nunua metaboliti safi na uchore mstari wa vipimo kwa ajili yake, metaboliti moja baada ya nyingine. Ni polepole, lakini inakubalika.

Ukiamua kuagiza dawa yenye isotopu tulivu, muulize muuzaji mambo mawili kabla ya kulipa: atomi zenye alama ziko wapi kwenye molekuli, na ni asilimia ngapi ya chupa isiyo na alama kabisa. La kwanza lilinganishe na mahali ini linapokata dawa yako. La pili liingize kwenye hesabu ya nusu kwa nusu, kwa sababu chupa yenye asilimia 5 isiyo na alama inampa Kyungu urefu usio wake.